Zafarani: Ijue kabla ya kuitia chunguni

KATIKA nyumba nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki, iliki, karafuu na mdalasini hukaa jikoni mikebeni, lakini zafarani huwekwa kabatini pamoja na vitu vya thamani. Hutolewa siku ya harusi, ya Idi au ya kupokea mgeni wa heshima, nayo hutiwa kidogo kidogo, kwa kuhesabu.

Uangalifu huo una sababu. Zafarani ndiyo kiungo ghali kuliko vyote duniani, na huuzwa kwa gramu kama dhahabu. Hata hivyo, ni kiungo kinachopotea kwa urahisi mno. Yuko mnunuzi anayelipa fedha nyingi na kurudi nyumbani na nywele za mahindi zilizotiwa rangi. Yuko pia mpishi aliyepata zafarani ya kweli, lakini akaitupa katika mafuta yanayochemka, ikaungua kabla haijatoa rangi wala harufu. Wote wawili huishia kuamini kwamba sifa za zafarani ni maneno matupu.

Makala haya yanaeleza asili ya kiungo hicho, namna ya kutambua kilicho halisi, kanuni za kukitumia, na baadhi ya vyakula vya chumvi na vitamu vinavyopikwa nacho.

Asili yake na sababu ya ughali

Zafarani ni nyuzi nyekundu za ua la mmea unaoitwa kitaalamu Crocus sativus. Ua hilo lina rangi ya zambarau, na katikati yake hutokeza nyuzi tatu tu, ambazo ni sehemu ya kike inayopokea chavua. Nyuzi hizo ndizo zinazochumwa na kukaushwa zikawa kiungo.

Ili kupata kilo 1 ya zafarani kavu huhitajika maua yapatayo 150,000. Maana yake ni kwamba gramu 1 hutokana na maua 150 na ina nyuzi zipatazo 450. Kazi yote hufanywa kwa mikono. Maua huchanua kwa wiki chache tu, hasa kati ya Oktoba na Novemba, na huchumwa alfajiri kabla jua halijawa kali. Baada ya hapo nyuzi hutengwa na ua moja baada ya jingine, kisha hukaushwa, na katika kukauka hupoteza takriban asilimia 80 ya uzito wake.

Mmea wenyewe hauzai mbegu. Huendelezwa kwa kuchimbua na kupanda upya matunguu yake, kwa hiyo bila mkono wa mkulima ungetoweka. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa chimbuko lake ni mmea wa mwituni wa Ugiriki, katika eneo la Attica. Leo Iran peke yake huzalisha takriban asilimia 90 ya zafarani ya dunia nzima, hasa katika majimbo ya Khorasan. Sehemu nyingine zinazosifika ni Pampore katika Kashmir ya India, Herat nchini Afghanistan, La Mancha nchini Hispania, Kozani nchini Ugiriki na Taliouine nchini Morocco.

Maeneo hayo yote yana kiangazi kikavu na majira ya baridi. Kwa sababu hiyo zafarani si zao la Unguja wala Pemba, ingawa visiwa hivyo vimepata sifa duniani kwa viungo. Jina lake limetokana na Kiarabu, na kiungo chenyewe kilifika mwambaoni kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mtu anayeambiwa sokoni kwamba anauziwa zafarani iliyovunwa katika mashamba ya Zanzibar hana budi kuwa na shaka.

Mwambaoni, zafarani haikuwa ya chunguni pekee. Walimu wameitumia kama wino wa kuandikia kombe: aya huandikwa juu ya sahani nyeupe, kisha huoshwa kwa maji ya mawaridi na mgonjwa akayanywa.

Udanganyifu wa tangu kale

Palipo na bei kubwa hapakosi mdanganyifu. Mwaka 1444, katika mji wa Nuremberg nchini Ujerumani, mfanyabiashara Jobst Findeker alichomwa moto pamoja na zafarani yake baada ya kupatikana na hatia ya kuichanganya na vitu vingine. Adhabu hiyo haikukomesha uovu.

Kitu kinachotumiwa zaidi kudanganya ni petali za kartamu, mmea wa jamii ya alizeti wenye maua ya rangi ya chungwa. Hutumika pia nywele za mahindi na nyuzi nyingine za mimea zilizotiwa rangi. Zafarani ya unga ni rahisi zaidi kuchafuliwa, kwani manjano au unga wa pilipili hoho nyekundu huweza kuchanganywa ndani yake bila jicho kutambua. Njia nyingine ni kupaka nyuzi halisi mafuta au asali ili ziongezeke uzito.

Mnunuzi anaweza kujilinda kwa vipimo vichache visivyohitaji maabara:

- Umbo. Uzi wa zafarani ni mwembamba upande mmoja na hupanuka upande wa pili kama mdomo wa tarumbeta. Kartamu huonekana kama vipande bapa vya petali, na nywele za mahindi zina unene ule ule mwanzo hadi mwisho.

- Maji. Nyuzi chache zikitiwa katika maji baridi, zafarani halisi hutoa rangi ya dhahabu polepole, kwa dakika kadhaa, na nyuzi zenyewe hubaki nyekundu. Ikiwa maji yamegeuka mekundu mara moja na nyuzi zimepauka, hizo ni rangi za kiwandani.

- Ulimi na pua. Zafarani hunukia asali na majani makavu, lakini ladha yake ina uchungu. Yenye utamu imepakwa kitu.

- Karatasi. Nyuzi zikikandamizwa katikati ya karatasi nyeupe zisiache doa la mafuta.

- Magadi. Unga uliochanganywa na manjano ukitiwa katika maji yenye magadi ya kupikia hugeuka kuwa mwekundu wa hudhurungi.

Katika biashara ya kimataifa hutumika kiwango cha ISO 3632, ambacho hupima kimaabara nguvu ya rangi, uchungu na harufu. Daraja la kwanza hutakiwa kuwa na nguvu ya rangi isiyopungua 200. Paketi inayotaja kiwango hicho pamoja na mwaka wa mavuno ni afadhali kuliko kichupa kisicho na maelezo. Aidha, baadhi ya paketi za Iran huandikwa "sargol" au "negin", yaani nyuzi nyekundu tupu zilizokatwa sehemu ya chini yenye rangi ya njano, ambayo haina nguvu kubwa.

Iko pia rangi ya unga inayouzwa madukani kwa ajili ya biriani, ambayo baadhi ya watu huiita zafarani. Hiyo ni rangi ya chakula tu. Huupaka wali manjano bila kuuongezea harufu wala ladha. Hata Hispania, nchi inayojivunia zafarani yake, nyumba nyingi hutumia rangi ya namna hiyo katika paella, wali maarufu wa Valencia. Si kosa kuitumia kwa mwenye kuijua. Kosa ni kuinunua kwa bei ya zafarani.

Kinachofanya kazi ndani ya uzi

Sifa tatu za zafarani hutokana na kemikali tatu. Krosini hutoa rangi, pikrokrosini hutoa uchungu mwanana, na safranali hutoa harufu. Krosini huyeyuka katika maji wala haiyeyuki katika mafuta. Safranali huruka hewani upesi inapopata moto mwingi. Mpishi akiyaelewa mambo hayo mawili, kanuni zote za kupika kwa zafarani humjia zenyewe.

Kanuni ya kwanza ni kusaga. Nyuzi hutiwa katika kinu kidogo pamoja na chembe za sukari, au chumvi kwa vyakula vya chumvi, zikatwangwa hadi ziwe unga. Chembe hizo husaidia kuzikata nyuzi. Zikiwa zimeshika unyevu, kibakuli chake huwekwa kwanza juu ya sufuria yenye joto ili zikauke.

Kanuni ya pili ni kuloweka. Unga huo hutiwa katika vijiko vitatu au vinne vya maji ya moto ambayo yameacha kuchemka, au maziwa ya moto, ukafunikwa kwa dakika 15 hadi 30. Anayetaka kutumia nyuzi nzima kwa ajili ya pambo aziloweke kwa saa moja au zaidi. Maji hayo ndiyo zafarani yenyewe. Yasimwagwe hata tone.

Kanuni ya tatu ni wakati. Sehemu kubwa ya maji ya zafarani hutiwa karibu na mwisho wa mapishi, chakula kinapobakiwa na moto wa taratibu. Kwa nyama inayorojwa kabla ya kuchomwa, hutiwa kwenye mtindi au ndimu, kamwe si kwenye mafuta ya kukaangia.

Kanuni ya nne ni kiasi. Nyuzi 30 hadi 40 zinatosha chakula cha watu wanne. Nusu gramu hutosha kilo 1 ya mchele. Ikizidi, chakula huwa na uchungu na kunukia kama dawa, na fedha huwa imepotea mara ya pili.

Kanuni ya tano ni kuchagua viungo vya kuambatana nayo. Zafarani huelewana na iliki, maji ya mawaridi, lozi, asali, maziwa, kitunguu, ndimu, kuku na samaki. Haishindani na bizari nyembamba, karafuu na pilipili manga zikiwa nyingi. Ndiyo maana haina nafasi katika pilau ya pwani, ambayo rangi na harufu yake hutokana na viungo hivyo vikali. Katika biriani hali ni tofauti, kwa kuwa masala hukaa upande wake na wali upande wake.

Vyakula vya chumvi

Biriani ya kuku ndiyo chakula cha zafarani kinachojulikana zaidi mwambaoni.

Mahitaji: Mchele wa basmati kilo 1, kuku mmoja mkubwa aliyekatwa vipande, vitunguu maji 8, mtindi vikombe 2, nyanya ya kopo vijiko 3 vya chakula, kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, vijiko 2 vya chakula kila kimoja, bizari nyembamba na giligilani za unga, kijiko 1 cha chai kila moja, iliki na mdalasini, ndimu 2, samli nusu kikombe, mafuta ya kukaangia, zafarani nusu gramu, maji ya mawaridi vijiko 3 vya chakula, chumvi na pilipili kwa kiasi.

Jinsi ya kutayarisha: Saga zafarani, iloweke katika robo kikombe cha maji ya moto, funika, kisha ongeza maji ya mawaridi. Osha mchele na uuloweke kwa nusu saa. Kata vitunguu vyembamba, uvikaange hadi viwe vya hudhurungi na vikavu, kisha uvichuje mafuta.

Roja kuku kwa mtindi, kitunguu saumu, tangawizi, maji ya ndimu, chumvi na viungo vya unga kwa saa mbili au zaidi. Mpike katika rojo hilo kwa moto wa wastani, ukiongeza nyanya, iliki na mdalasini. Anapoiva, vuruga vitunguu vilivyokaangwa na umtie ndani, ukiacha kiasi cha kupambia. Masala yawe mazito.

Chemsha maji mengi yenye chumvi, tia mchele, na uutoe ukiwa umeiva nusu, punje ikiwa bado na kiini kigumu. Uchuje. Rudisha wali chunguni, mwagia samli ya moto, halafu nyunyiza maji ya zafarani kwa mistari, bila kukoroga, ili baadhi ya punje ziwe za dhahabu na nyingine zibaki nyeupe. Funika vizuri, palia makaa juu ya mfuniko au weka katika joko lenye moto mdogo kwa dakika 20 hadi 25. Wakati wa kupakua, wali hulazwa juu ya masala na kupambwa kwa vitunguu.

Wairani, ambao ndio walaji wakubwa wa kiungo hiki, wameupa ukoko heshima ambayo majiko mengi huinyima. Huuita "tahdig", na mgeni hupewa sehemu yake kama tunu. Katika chakula kinachoitwa "tahchin", wali ulioiva nusu huchanganywa na mtindi, viini vya mayai na maji ya zafarani, ukapangwa kwa tabaka pamoja na kuku wa kuchambuliwa na kuokwa hadi ukoko wa nje uwe wa rangi ya dhahabu. Hupinduliwa kwenye sinia kama keki.

Kuku wa kuchoma wa nchi hiyo, "jujeh kabab", hurojwa kwa maji ya kitunguu, ndimu, mtindi na zafarani. Anapokuwa juu ya makaa hupakwa siagi iliyochanganywa na maji ya zafarani yaliyobaki, dakika za mwisho tu.

Katika Ulaya, mji wa Milan nchini Italia una wali wake wa zafarani unaopikwa kwa supu ya nyama, siagi, uloto na jibini, na mji wa Marseille nchini Ufaransa una mchuzi wa samaki uitwao "bouillabaisse". Chakula hicho cha pili kinaweza kumpa funzo mpishi wa pwani: samaki mwenye nyama nyeupe, kama changu au tewa, akipikwa kwa nyanya, kitunguu saumu na zafarani bila bizari nyingi, harufu ya bahari haifichwi.

Vyakula vitamu

Upande wa vitamu, halua ndiyo inayotangulia mwambaoni na nchini Oman. Hupikwa kwa wanga, sukari, samli, iliki, maji ya mawaridi na zafarani, ikakorogwa kwa muda mrefu bila kupumzika. Kwa kuwa hukaa motoni muda mrefu, ni vyema sehemu ya zafarani iwekwe akiba na kutiwa halua inapokaribia kuachana na sufuria, pamoja na lozi.

Kwa wasio na subira ya halua, wali mtamu wa Iran uitwao "sholeh zard" ni rahisi zaidi. Nchini humo hupikwa kwa nadhiri na kugawiwa majirani, hasa katika siku za kumbukumbu za kidini, desturi isiyo ngeni kwa wanaopeleka sahani kwa jirani wakati wa futari.

Mahitaji: Mchele mfupi unaoshikana kikombe 1, maji vikombe 8, sukari kikombe 1 na nusu, siagi vijiko 2 vya chakula, nyuzi za zafarani kijiko nusu cha chai, maji ya mawaridi robo kikombe, lozi zilizokatwa nyembamba, mdalasini wa unga.

Jinsi ya kutayarisha: Loweka mchele kwa saa mbili. Uchemshe katika maji kwa moto mdogo, ukikoroga mara kwa mara, hadi punje zifumuke kabisa. Sukari isitiwe kabla ya hapo, kwani huzuia mchele kulainika zaidi. Ukishaiva, tia sukari na siagi, koroga kwa dakika 15, kisha mimina zafarani iliyosagwa na kulowekwa, maji ya mawaridi na nusu ya lozi. Funika na uache katika moto mdogo kabisa kwa dakika 20. Pakua katika vibakuli, upambe kwa mdalasini na lozi, na ule ukiwa wa baridi.

Njia nyingine za haraka ni kutia maji ya zafarani katika shira ya kaimati, katika tambi za maziwa, au katika maziwa ya moto yenye iliki kabla ya kulala. Kashmir hunywa chai ya kijani yenye zafarani, mdalasini, iliki na lozi, na katika nchi za Ghuba zafarani hutiwa katika kahawa ya iliki. Hata Sweden, kaskazini kabisa mwa Ulaya, huoka mikate ya njano ya zafarani kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Lusia, tarehe 13 Desemba.

Uhifadhi na tahadhari

Zafarani huharibiwa na mwanga, hewa na unyevu. Ihifadhiwe katika kichupa kinachofunga sawasawa, mbali na jiko. Ikitunzwa hivyo hukaa miaka miwili hadi mitatu, ingawa harufu hupungua kadiri muda unavyopita. Ni busara kununua nyuzi badala ya unga, na gramu moja kila mara badala ya akiba ya miaka.

Kiasi kinachotumika katika chakula hakina madhara kwa watu wengi. Hata hivyo, kuila kwa gramu nyingi kama dawa ni hatari. Gramu 5 na zaidi kwa siku huhesabiwa kuwa na sumu, na kwa mjamzito kiasi kikubwa huweza kuharibu mimba. Mjamzito asinywe zafarani kama tiba bila ushauri wa daktari.

Zafarani haimtaki mpishi awe tajiri. Kwa nyuzi 40 zilizokaguliwa dukani, zikasagwa na kulowekwa kabla ya kutiwa mwishoni, harufu huwafikia wageni mara tu mfuniko wa chungu unapoinuliwa. Gramu nzima ikitupwa katika mafuta ya moto, hainukii hata kwa aliyeipika.